Uzi: Mchanga wa ufuo hutoka wapi, na Chania inahusika vipi?

Kila mwaka ikifika Juni au Julai, picha ile ile hurudi kwenye simu zetu. Ukuta wa hoteli umelala kifudifudi majini. Mnazi umeng'oka, mizizi iko hewani. Ngazi za kushukia ufuoni zinaning'inia bila kugusa kitu. Chini ya picha vita vinaanza. Mmoja anasema hao ni wanyakuzi wa ardhi, acha bahari iwafundishe. Mwingine anasema ni tabianchi, nchi tajiri zitulipe. Wa tatu anasema nyinyi watu wa bara mmefunga mito kwa mabwawa ili Nairobi inywe maji, sasa mchanga haufiki Pwani. Wa nne, na mara nyingi ni mtu wa kwetu huku, anauliza: kwani bahari inatuhusu nini sisi wa Thika?

Nimeombwa zaidi ya mara moja niseme nani ana haki. Sitataja mwanasiasa wala chama, mnajua utaratibu wa ukurasa huu. Lakini nawaambia mapema kwamba kila mmoja wa hao wanne ameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja amekosea mahali. Huyu wa Thika ndiye amekosea zaidi, na mimi ni wa Thika.

Tuanze na picha yenyewe, kwa sababu hapo ndipo tunapodanganywa bila mtu yeyote kudanganya.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi huingia baada ya hapo, hushika nguvu katikati ya mwaka, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa mamia ya miaka, kwa hivyo hii si habari mpya kwa mtu wa Pwani. Kinachosahaulika ni kwamba mchanga nao husafiri. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mawimbi hupiga kwa nguvu, na kwenye fuo nyingi mchanga wa juu hukokotwa kupelekwa ndani ya maji ama kusukumwa kando ya ufuo kuelekea kaskazini. Kaskazi ikirudi bahari hutulia, na mchanga mwingi hurudishwa kidogo kidogo. Kuna fuo zinazofanya kinyume kwa sababu zimeelekea upande mwingine. Kuna nyingine ambazo ncha moja hupungua na ncha ya pili hujaa, halafu zinabadilishana. Mvuvi anajua hayo. Ndiyo maana mtumbwi wake anauvuta juu zaidi msimu wa kusi bila kungoja ripoti ya mtu.

Ongeza bamvua. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa hupita mita 3. Maji yakiwa chini, mwamba wa matumbawe ulioko mbele huvunja mawimbi yakabaki huko nje. Maji yakijaa wakati wa bamvua, mawimbi hupita juu ya mwamba na kufika mpaka kwenye ukuta wa mtu. Bamvua ikikutana na kusi kali, hapo ndipo picha ile hupatikana.

Sasa fikiria siasa yake. Picha ya Julai inasambaa, watu wanalia, kiongozi anafika na kamera, zabuni ya ukuta inatangazwa. Ujenzi unaisha Novemba. Kaskazi inaingia, mchanga unarudi wenyewe kama ulivyorudi miaka yote. Februari kiongozi anarudi na kamera: mmeona? Ukuta umefanya kazi! Kumbe ni upepo umefanya kazi. Na wapinzani wake nao wana ujanja wao, wanasubiri kusi ijayo wapige picha ya ukuta huo huo ukiwa umetobolewa chini.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza ukiona picha ya ufuo si "nani alaumiwe?" bali "ni ya mwezi gani, na maji yalikuwa wapi?" Picha ya Julai peke yake haithibitishi kwamba ufuo umepotea. Ya Februari peke yake haithibitishi kwamba uko salama. Ufuo unaokwenda na kurudi ni mzima. Wa kuogopewa ni ule unaokwenda na kurudi pungufu, kila mwaka hatua moja nyuma. Huo huwezi kuujua bila kulinganisha mwezi ule ule, maji yale yale, kwa miaka mingi.

Haya, tuje kwa lawama ya mabwawa. Hapa lazima tujue mchanga wenyewe hutoka wapi, maana pwani ya Kenya haina mchanga wa aina moja.

Mchanga mweupe wa Diani, Nyali au Bamburi kwa sehemu kubwa haukutoka bara. Ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, vilivyosagwa na bahari na viumbe vyake. Samaki aitwaye pono hutafuna matumbawe kwa ajili ya mwani, kisha hutoa unga wa mwamba. Naam, ule mchanga unaolala juu yake likizoni, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki. Ufuo wa namna hiyo hauli mto, unakula mwamba. Ukitaka kujua kwa nini unadhoofika, tazama mwamba: joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana kwenye pwani yetu, uvuvi wa nyavu za kukokota umevunja mengine, na pono wamevuliwa. Hapo tabianchi inahusika kweli. Lakini mtu akikuambia Ndakaini imemaliza mchanga wa Diani, mwambie atafute hoja nyingine.

Nenda sasa Malindi, Mambrui, mpaka Ghuba ya Ungwana na Kipini. Mchanga unabadilika rangi. Ni wa kahawia, mzito, kuna mahali unametameta. Huo umetoka bara, umeletwa na mito miwili mikubwa, Sabaki na Tana. Na hapo ndipo Thika na Ruiru zinaingia kwenye hadithi, tupende tusipende.

Simama kwenye daraja la Chania. Mto huu umetoka milima ya Nyandarua, umeshuka kama mpaka kati ya Kiambu na Murang'a, umeporomoka pale kwenye maporomoko karibu na Blue Posts, hoteli iliyoko hapo tangu 1908, na hatua chache mbele unakutana na mto Thika. Maji hayo yanaelekea mashariki, yanaingia Masinga, yanakuwa Tana, na baada ya safari ndefu sana yanafika Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Sasa panda matatu kurudi Ruiru. Maji yanayopita chini ya daraja la Ruiru hayaendi huko kabisa. Yanaingia mto Nairobi, kisha Athi, yanapita Fourteen Falls, yanakuwa Galana, na mwisho yanaitwa Sabaki, yanaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Ndarugu, ule mto unaovuka kati ya Juja na Thika, nao unakwenda Athi. Kwa hivyo mgongo unaotenganisha mito miwili mikubwa ya Kenya unapita hapa hapa, na watu wanauvuka kila asubuhi wakienda kazini bila kuusikia. Mvua ikinyesha upande huu, udongo wako unakwenda Kipini. Ikinyesha upande ule, unakwenda Malindi.

Kuna shahidi wa mambo haya ambaye hana chama. Matumbawe hukua kwa tabaka, kama miti, na kila tabaka hubaki na alama ya maji ya mwaka wake. Udongo wa mto ukimwagika baharini huja na madini ya bariamu, nayo hunaswa ndani ya tumbawe. Watafiti walitoboa tumbawe moja la karibu miaka 300 huko Malindi, wakasoma tabaka zake, na matokeo yakachapishwa 2007. Kwa karne mbili, kuanzia 1700 hadi 1900, hakuna ongezeko la kutajika. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 mstari unaanza kupanda, na unaendelea kupanda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulitokea nini huku juu? Mnajua. Reli ilifika Thika 1913. Mashamba ya walowezi ya katani na kahawa yalifunguliwa, misitu na vichaka vikafyekwa, na wenyeji wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Ukambani hali ilikuwa hiyo hiyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu kule mvua huja kwa ghafla juu ya ardhi kavu. Sitaki mtu anisome vibaya: sehemu kubwa ya tope la Sabaki haikutoka Ruiru, Ukambani na nyika zilichangia zaidi. Lakini sababu ni moja. Ukibana watu wengi na mifugo yao kwenye miteremko michache, udongo utaondoka, na utaondokea mtoni.

Serikali ya kikoloni iliona udongo ukienda ikaanzisha idara ya kuuhifadhi mwishoni mwa miaka ya 1930. Dawa yake ilikuwa matuta ya lazima. Baada ya Vita vya Pili, wilaya ya Fort Hall, Murang'a ya leo, ng'ambo tu ya Chania, ilichimba matuta mengi kupindukia. Nani alichimba? Wanawake. Wanaume wengi walikuwa Nairobi ama kwenye mashamba ya walowezi, kwa hivyo chifu alipopiga mbiu waliotoka na majembe asubuhi kadhaa kila wiki, bila malipo, walikuwa akina mama. Julai 1947 mkutano mkubwa Murang'a uliamua wanawake wasichimbe tena. Mwaka uliofuata walikataa hata amri ya kupanda nyasi kwenye kingo za matuta, wakaandamana, wakakamatwa.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu mtu akisema "mmomonyoko wa udongo" watu hudhani ni somo la sayansi ya darasa la saba. Kwetu lilikuwa jambo la siasa kali kabla ya Uhuru. Mafundi wa serikali walikuwa sahihi kuhusu udongo. Akina mama walikuwa sahihi kuhusu dhulma, maana huwezi kumnyang'anya mtu shamba, umbane kwenye mteremko, halafu umwadhibu kwa sababu mteremko unamomonyoka. Na matokeo yake yalikwenda mbali: baada ya Uhuru, mahali pengi matuta yaliachwa yaanguke kwa sababu yalinuka ukoloni. Ilichukua mpaka 1974, mradi wa taifa ulipoanzishwa kwa msaada wa Uswidi, kuanza kuyarudisha kwa hiari. Lile tuta la kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, "fanya juu", limeingia na jina lake la Kiswahili kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Hilo tujivunie kidogo.

Udongo mwingi ukaendelea kushuka hata hivyo. Upande wa Tana ukakutana na ukuta.

Kindaruma 1968. Kamburu 1974. Gitaru 1978. Masinga 1981. Kiambere 1988. Mabwawa matano ya umeme kwenye mto mmoja, na Masinga, la juu kabisa, ndilo linalopokea maji ya Chania na Thika. Lilijengwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, na tope lililoingia lilizidi makadirio ya wahandisi. Huku juu zaidi kuna mabwawa ya maji ya kunywa ya Nairobi: Sasumua la miaka ya 1950 kwenye tawi la Chania, na Ndakaini kwenye mto Thika, lililokamilika 1994, la mita za ujazo milioni 70. Kwa wasiojua Kikuyu, "ndaka" ni tope. Ndakaini ni mahali penye tope. Wazee walishatuambia.

Hapa kuna jambo ambalo mjadala wa runinga haugusi. Mto hubeba vitu viwili, mchanga na tope laini. Mchanga ni mzito, unakokotwa chini, na ukifika kwenye maji yaliyotulia ya bwawa unakaa. Hautoki tena. Tope laini, angalau sehemu yake, hupita na maji. Kwa hivyo bahari inaweza kuwa chafu ya kahawia na bado ufuo ukawa na njaa. Ufuo haujengwi kwa maji ya chai, unajengwa kwa mchanga. Pia mabwawa hukata mafuriko, na mafuriko ndiyo lori la mto. Bila mafuriko makubwa hata mchanga ulio chini ya Kiambere husafiri polepole.

Ndiyo sababu napenda kulinganisha mito yetu miwili. Sabaki, kwa muda wote huo, haukuwa na bwawa kubwa kwenye mkondo wake mkuu. Nenda Malindi uone: ghuba imejaa mchanga, ufuo umepanuka, na majengo yaliyokuwa yakigusa maji sasa yako mbali nayo kuliko zamani. Kule shida ni ya kujaa! Na hata huko msimu una kauli. Wakati wa kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini kuelekea Ungwana. Kaskazi ikija hugeuka kusini, likaingia ghuba ya Malindi na kufika kwenye matumbawe ya hifadhi ya baharini iliyotangazwa 1968, matumbawe yale yale yaliyotoa ushahidi. Mwenye hoteli analalamika wageni hawaoni maji ya buluu Januari. Mvuvi analalamika mwamba unafunikwa. Wote wanalalamikia udongo wa mashamba yetu.

Tana nao una mabwawa matano. Mdomoni, Kipini, mji uliokuwa makao ya wilaya enzi ya ukoloni, bahari imekuwa ikila ukingo. Wakulima wa delta upande wa Ozi wamelalamika miaka mingi kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuua mpunga na miembe. Je, ni mabwawa peke yake? Hapana, na hapa lazima niwe mkweli. Mdomo wa Tana umekuwa ukihama tangu zamani. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimba mfereji wa kuunganisha Tana na Ozi ili mitumbwi ipite, mto ukaupenda mfereji ule, na maji mengi yakahamia njia ya Kipini. Delta ni kitu kinachotembea. Lakini ukiinyima mchanga na mafuriko, inatembea ikirudi nyuma. Misri walijifunza hivyo. Delta ya Nile upande wa Rashid ilikuwa imeshaanza kuliwa na bahari, na baada ya bwawa kuu la Aswan kukamilika 1970 ikaliwa kwa kasi ambayo kuta hazikuweza kuizuia kwa bei ndogo.

Kwa hivyo yule wa tatu, anayelaumu mabwawa, ana haki akizungumzia Kipini. Akizungumzia Nyali, hana.

Sasa nije kwa jambo linalotuuma sisi wenyewe. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe, kazi iliyokamilika 2012, Ruiru, Juja na Thika zimejaa magorofa. Kila ploti ina jengo, kila jengo limemwagiwa lori baada ya lori la mchanga. Mchanga huo mwingi unatoka wapi? Mito ya Ukambani, mito ya msimu inayoingia Athi na Tana. Ni mchanga uliokuwa njiani kwenda baharini. Ulikuwa na safari ya miaka mingi mbele yake, nakubali, mchanga hausafiri kama basi la usiku. Lakini sasa uko kwenye ghorofa ya nne hapa Ruiru na hautafika.

Na kabla haujaikosesha bahari, umeshaikosesha Ukambani maji. Mto wa mchanga ni tangi: maji ya mvua hujificha ndani yake, na mama hufukua kisima kifupi akachota hadi miezi ya kiangazi. Mchanga ukichotwa, maji yanakimbia. Watu wameuawa kwa ajili ya mchanga huo, na Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Kwa hivyo mtu wa Thika akiuliza bahari inamhusu nini, mimi humwomba aangalie ukuta ulio nyuma yake.

Mfano wa karibu zaidi wa tunakoelekea si Misri. Ni Tanzania. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, hoteli za ufuoni zilianza kupoteza ardhi tangu miaka ya 1970. Vijito vya eneo hilo, Tegeta na Mbezi miongoni mwao, vilikuwa vikichimbwa mchanga wa kujengea jiji, mchanga ambao ungeshuka kulisha ufuo huo huo. Zikajengwa kuta na vizuizi vya mawe. Palipojengwa mchanga ulinaswa, na jirani wa upande wa pili akaliwa. Karibu na Pangani kuna Maziwi, kisiwa kidogo kilichokuwa na mivinje na kasa wakitaga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Pale hapakuwa na mto wa kulaumu. Msimu uliondoka na mchanga, na haukurudi nao wote.

Tumalizie na yule wa kwanza, wa wanyakuzi, kwa sababu hapo ndipo sheria iko na ndipo pesa zitatumika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Kanuni za upimaji zinasema ardhi ya serikali iliyo mbele ya bahari ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa ubaki wa umma. Ni vizuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Pwani ilipewa hati zamani, kuanzia na sheria ya hati ya 1908 iliyowaacha wenyeji wengi wakiwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Hati ina vigingi vya saruji visivyotembea. Alama ya maji kujaa inatembea, kila msimu, na kwa miaka mingi.

Bahari ikikaribia kigingi mwenye hati hujenga ukuta kulinda mali yake, na kwa kweli ukimuuliza atakuambia yeye ndiye mwathiriwa. Lakini wimbi likigonga ukuta wima linarudi na nguvu zake na kuchimba mchanga ulio mbele. Ufuo wa kawaida ungerudi nyuma na kujipanga upya. Ukuta unauzuia kurudi, kwa hivyo unakonda mpaka maji yakijaa yanagusa saruji moja kwa moja. Hati haijaongezeka hata futi moja, na bado ardhi ya umma imetoweka chini ya maji. Mvuvi hana pa kuvutia mtumbwi. Anayeuza madafu anapita kiunoni majini. Kasa akija usiku kutaga anakutana na ukuta. Watoto wa Bamburi wanaotaka kuogelea Jumapili wanangoja maji yapwe.

Sasa swali la ukuta wa umma, ule wa zabuni ya Julai. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini kabla ya ujenzi wa namna hiyo, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkienda kwenye kikao hicho, msibishane kama ufuo unaliwa au hauliwi. Ulizeni mambo haya: Vipimo vyenu ni vya misimu mingapi? Huu mchanga ni wa mwamba au wa mto? Ukuta ukiisha, jirani wa kaskazini atapata nini wakati wa kusi? Na kama mchanga ni wa mto, kwa nini hakuna mtu wa Murang'a, Kiambu wala Machakos kwenye meza hii?

Hilo la mwisho ndilo linawakera watu wa kwetu. Tukidai sehemu ya mapato ya maji yanayokwenda Nairobi, tunasema mto ni wetu. Ulipochimbwa ule mtaro wa kilomita 11.8 wa kuvuta maji ya Maragua, Gikigie na Irati kuyaleta Ndakaini, tulibishana miaka kadhaa nani atakauka. Ni haki kubishana. Lakini katika kelele zote zile nilisikia majina ya kaunti za hapa na sikusikia mtu akitaja Tana Delta zaidi ya mara moja au mbili. Mto ukiwa wetu Gatanga, tope lake ni letu Masinga, na upungufu wake ni wetu Kipini.

Najua mtaniuliza suluhisho. Matuta yatunzwe huku juu, ili bwawa lisijae na mwamba wa Malindi upumue. Mchanga wa ujenzi upimwe na kulipiwa kama rasilimali, na mchanga wa kusaga kutoka kwa mawe utumike zaidi. Mabwawa ya Tana yaruhusiwe kutoa mafuriko ya kupangwa wakati wa masika. Ukuta uwe wa mwisho, si wa kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopigwa picha vizuri, na hiyo ni shida ya kweli wakati wa kampeni.

Kwa wenzetu wa Pwani wanaosoma: kama una picha mbili za mahali pamoja, moja ya Februari na moja ya Julai, ziweke hapa chini. Andika mwaka, na kama maji yalikuwa ya bamvua au maji mafu. Za zamani, za albamu ya wazazi, ndizo nazitaka zaidi.